Mzaliwa wa Unguja na Sauti za Umati

Wapenzi wa taarabu wajua vyema kwamba ngoma hiyo haikamiliki bila wasikilizaji. Mwimbaji akifika kwenye ubeti unaomgusa mtu, mtu huyo huinuka, akaenda mbele kwa madaha, akatuza. Ukumbi mzima hutazama ni nani aliyeinuka, na kwa maneno gani. Nusu ya utamu i hapo. Lakini mambo hayo hayamo katika santuri za zamani. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa kampuni ya His Master's Voice, aliimba mbele ya chombo, mbali na watu wake. Sauti yake tunayo. Vigelegele vya Unguja hatunavyo.

Ndiyo maana santuri iliyorekodiwa jukwaani, mbele ya watu, yafaa isikilizwe kwa makini hata kama si ya muziki wetu. Chukua Live Killers ya bendi ya roki ya Queen, iliyotolewa mwaka 1979. Ni santuri mbili katika jalada moja, zilizorekodiwa katika ziara ya bendi hiyo barani Ulaya, Januari hadi Machi mwaka huo. Mwimbaji ni Freddie Mercury, yaani Farrokh Bulsara, mtoto wa Kiparsi aliyezaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946. Tusijisifu mno, lakini. Alipelekwa shule India angali mdogo, na mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, jamaa zake walihamia Uingereza. Anayedai kuwa taarabu ndiyo iliyomfunza kuimba, na alete ushahidi.

Sikiliza Love of My Life. Katika santuri ya mwaka 1975 wimbo huu umepambwa kwa piano na kinubi. Jukwaani limebaki gitaa moja tu. Mercury anaanza, kisha ananyamaza, na umati unaubeba wimbo wenyewe, tena ni watu ambao wengi wao Kiingereza si lugha yao ya nyumbani. Hapo wasikilizaji wamekuwa waimbaji, na bila ya chombo kile kunasa pumzi zao, wimbo ungepungukiwa.

Bohemian Rhapsody nayo ilikuwa na kazi yake. Katikati yake mna sauti zilizorundikwa moja juu ya nyingine studioni, jambo lisilowezekana kwa watu wanne jukwaani. Walifanyaje basi? Walitoka, kanda ikapigwa, kisha wakarudi kumalizia. Wako waliowalaumu kwa hila hiyo. Mimi naona ni uungwana kuliko kusimama mbele ya watu ukifumba na kufumbua mdomo kwa sauti isiyotoka kooni mwako.

Aliye na nafasi ya santuri moja tu, hata hivyo, na atafute ile ya uwanja wa Wembley, London, ya Julai 1986. Humo Mercury anatupa sauti tupu, isiyo na maneno, na uwanja unamrudishia. Anaipandisha, anaikunja, nao wanamfuata mpaka wanacheka. Santuri hiyo ilitolewa mwaka 1992. Mwenyewe alikuwa amefariki tarehe 24 Novemba 1991, na humo umati ungali ukimwitikia.