Feni ya gari ikizima, anza na fyuzi

Dereva anayepita Limuru alfajiri yenye ukungu hutegemea feni ya hita na kiyoyozi kuondoa mvuke kwenye kioo cha mbele. Ikizima, haoni barabara.

Kabla ya kununua mota mpya, sharti fyuzi ikaguliwe. Katika magari mengi, feni ikizunguka kwa kasi ya juu pekee, kasoro huwa kwenye rezista inayopunguza umeme, wala si mota. Isipozunguka kabisa ilhali fyuzi ni nzima, fundi apime iwapo umeme unaifikia mota. Usipofika, achunguze swichi, rilei na nyaya.

Kuweka fyuzi kubwa zaidi au kipande cha waya ni hatari: nyaya huweza kushika moto na kuliteketeza gari.