Samaki, mafuta ya omega na ubongo: chupa ile ampe nani?

Ijumaa moja baada ya swala kijana mmoja alinivuta pembeni ya msikiti, akatoa mfukoni chupa ya vidonge vya mafuta ya samaki. Alikuwa ameinunua duka la dawa kwa fedha nyingi, na alitaka kujua jambo moja tu: ampe nani? Nyumbani anaishi na mama yake mzazi, ambaye siku hizi amekuwa msahaulifu kiasi cha kupotea njia akitoka kwa jirani. Anaye pia mkewe, mjamzito wa miezi saba. Chupa ni moja, na muuzaji alimhakikishia kuwa dawa hiyo "inafungua akili" kwa mkubwa na mdogo.

Swali hilo ni la nyumba nyingi, kwa hiyo leo tulijibu kwa urefu kidogo.

Kwanza tujue ubongo umejengwa kwa nini. Ukiondoa maji, zaidi ya nusu ya uzito wa ubongo wa mwanadamu ni mafuta. Si mafuta ya akiba kama yale ya kwenye tumbo, bali ni mafuta ya ujenzi. Kila chembe hai ya ubongo imezungukwa na utando mwembamba, na utando huo ndio mlango wa habari zinazopita kutoka chembe moja kwenda nyingine. Katika utando huo, na katika pazia la nyuma ya jicho linalopokea mwanga, kuna mafuta ya aina moja kwa wingi kuliko sehemu nyingine za mwili. Wataalamu huyaita DHA, nayo ni katika jamii ya omega 3.

Kuna jamii mbili ambazo mwili wetu hauwezi kuzitengeneza wenyewe, yaani omega 3 na omega 6. Jambo hili lilianza kujulikana mwaka 1929 huko Marekani, pale George Burr na mkewe Mildred walipowalisha panya chakula kisicho na mafuta kabisa. Panya wale walidumaa, ngozi zao zikaharibika na wengine wakafa, mpaka waliporudishiwa mafuta kidogo tu ya aina inayofaa. Kabla ya hapo wengi waliamini mafuta ni kuni za mwilini na basi.

Omega 6 haina shida kupatikana, kwani imejaa katika mafuta ya alizeti na ya mahindi tunayopikia kila siku. Omega 3 ndiyo adimu katika sahani zetu. Mimea ina aina yake, hasa mbegu za kitani na kiasi fulani katika soya, lakini mwili hubadilisha sehemu ndogo sana ya hiyo kuwa DHA. Mwenye DHA iliyo tayari ni samaki. Kiini cha yai nacho kinayo, ila kidogo.

Sasa tuje kwa yule mjamzito. Katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba ubongo wa mtoto hukua kwa kasi kubwa mno, na DHA yote anayoijengea anaichukua kwa mama yake kupitia kondo la nyuma. Akishazaliwa huendelea kuipata katika maziwa ya mama, na ubongo huendelea kuikusanya katika miaka miwili ya mwanzo. Tazama jinsi muda huo unavyokwenda sambamba na miaka miwili ya kunyonyesha tunayoijua katika Qur'an.

Lakini maziwa hutoa kile mama alichokula. Hapa kuna habari ya kwetu ambayo wengi hawajaisikia. Mwaka 2005 watafiti kutoka Uholanzi walichapisha matokeo ya kupima maziwa ya akina mama wanaokula samaki wa Ziwa Kitangiri, hapa Tanzania. Walikuta DHA kwa wingi mkubwa, kiasi kwamba waliuliza kama viwanda vya maziwa ya kopo ya watoto havikupaswa kuchukua kipimo kutoka kwa akina mama hao. Na hao si watu wa pwani, ni samaki wa maji baridi wanaokula! Basi asiseme mtu kuwa omega ni ya bahari za Ulaya peke yake.

Je, samaki anayeliwa na mama huonekana kweli katika akili ya mtoto? Mwaka 2007 jarida la tiba la The Lancet lilitoa utafiti uliofuatilia wajawazito karibu 12,000 wa eneo la Bristol, Uingereza. Watoto ambao mama zao walikula chini ya gramu 340 za samaki kwa wiki ndio walioangukia zaidi katika robo ya mwisho kwenye vipimo vya akili ya lugha. Ni kweli kwamba mama anayekula samaki anaweza kuwa na mengine mazuri nyumbani kwake. Watafiti walijitahidi kuyaweka hayo katika hesabu, na bado tofauti ilibaki.

Vidonge navyo vilijaribiwa. Australia waliwapa wajawazito mafuta ya samaki na wengine mafuta ya kawaida, jumla wanawake karibu 2,400. Matokeo yalitoka mwaka 2010: watoto walipofika miezi 18, wale wa vidonge hawakuwa mbele kwa akili. Faida iliyothibitika zaidi ni nyingine. Mapitio ya majaribio 70 yaliyotolewa mwaka 2018 yalionesha kuwa kwa wanaotumia omega 3, watoto wanaozaliwa kabla ya wiki ya 34 walipungua kutoka takriban 46 katika kila 1,000 hadi 27. Si jambo dogo hilo, kwani mtoto anayewahi kuzaliwa hivyo yuko katika hatari kubwa ya kudhurika ubongo. Kwa maoni yangu, samaki mzima anashinda kidonge kwa sababu anakuja na protini, madini ya joto na mengine ambayo chupa haina.

Na mama yule anayesahau? Hapa inabidi tuseme ukweli hata kama wauza dawa watakasirika. Mwaka 2010 huko Marekani wagonjwa 402 wa Alzheimer waligawanywa, wengine wakipewa DHA gramu 2 kila siku kwa miezi 18 na wengine kidonge kisicho na kitu. Kusahau kuliendelea kwa kasi ile ile. Mwaka 2015 yakatoka matokeo ya wazee zaidi ya 3,000 waliofuatiliwa kwa miaka mitano. Omega 3 haikuwazuia kupungukiwa na kumbukumbu. Ni kweli wazee wanaokula samaki tangu zamani huonekana kuwa na afya nzuri ya ubongo katika tafiti nyingi, lakini kumpa kidonge mtu aliyekwisha kuanza kusahau ni habari nyingine.

Hatari kubwa ya chupa ile ni kwamba inatuliza roho ya mwenye nyumba, na mgonjwa hapelekwi hospitali. Kusahau kwa mzee wakati mwingine kuna sababu inayotibika: upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo kufanya kazi pole pole, huzuni ya muda mrefu, au dawa anazotumia kugongana. Shinikizo la damu na kisukari visivyodhibitiwa navyo huziba mishipa midogo ya ubongo kidogo kidogo. Kwa hiyo nilimwambia kijana yule: mama apelekwe kupimwa wiki hii hii, na mkeo apikiwe samaki mara mbili au tatu kwa wiki. Chupa airudishe kama muuzaji atakubali.

Akaniuliza, "Ustadhi, na kama mtu hawezi kabisa kula samaki?" Basi vidonge vina nafasi yake, kwa ushauri wa daktari. Azingatie mambo haya. Mafuta ya samaki hayana tatizo kisheria, lakini ganda la kidonge mara nyingi ni jelatini, nayo huweza kutoka kwa nguruwe, ng'ombe au samaki. Soma karatasi, tafuta alama ya halali, au chukua ya maji. Mjamzito asitumie mafuta ya ini la samaki, kwa kuwa vitamini A iliyomo ikizidi humdhuru mtoto tumboni. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asianze bila kumwambia daktari wake. Dozi kubwa zimeonekana pia kuvuruga mapigo ya moyo kwa baadhi ya watu.

Tukirudi jikoni, samaki mdogo ndiye bora, na bahati nzuri ndiye wa bei nafuu. Dagaa na vibua wana mafuta haya, na kwa kuwa ni wadogo na maisha yao ni mafupi, hawakusanyi zebaki kama papa na nduaro. Mjamzito awaepuke hao wawili. Hofu ya zebaki isimfanye aache samaki wote, kwani huko Shelisheli, ambako wajawazito hula samaki karibu kila siku, watoto wao wamefuatiliwa kwa miaka mingi na madhara yaliyoogopwa hayakuonekana.

Mafuta ya omega 3 huharibika haraka kwa jua, hewa na moto. Dagaa walioanikwa juu ya mchanga huja na uchafu na kinyesi cha kuku. Ukipata walioanikwa juu ya vichanja, chukua hao. Chagua wanaong'aa kama fedha. Waliogeuka rangi ya kahawia na wenye harufu ya mafuta yaliyochacha waache, na nyumbani usiwaweke muda mrefu. Samaki wa kuzamishwa katika mafuta yaliyokwisha kaanga mara tatu hupoteza yake na kunywa yale ya karai. Mchuzi, chukuchuku au wa kupaka humtunza zaidi, na mchuzi wenyewe unywewe.

Mtoto aliyetimiza miezi sita naye anaweza kuanza. Osha dagaa kwa maji ya moto mara mbili mpaka mchanga uishe, kausha, kaanga bila mafuta kwa moto mdogo, twanga na uchekeche. Tia kijiko kimoja cha chai katika uji unaochemka, bila chumvi. Siku ya kwanza mpe kidogo tu, na umwangalie kama hatatokwa na vipele.