Majani ya bwawani yanapovuka mpaka

Wafugaji wengi wa samaki wakiona majani yameota ndani ya bwawa huyang'oa yote. Ni hasara. Majani yanayoishi chini ya maji hunyonya amonia itokanayo na kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula, hushindana na mwani unaogeuza maji kuwa kijani, na huwapa vifaranga maficho. Mchana wa jua huongeza oksijeni.

Usiku mambo hugeuka. Majani nayo hutumia oksijeni ileile, na bwawa lililosongwa huonekana alfajiri samaki wakitweta juu ya maji. Kwa hiyo dawa ni kuyapunguza, si kuyamaliza.

Wenye matangi ya kioo sebuleni hupenda valisneria, yenye majani marefu kama utepe, na seratofilamu, isiyo na mizizi na inayojilisha moja kwa moja kutoka majini. Yote mawili huota katika Ziwa Victoria, hivyo hakuna haja ya kuagiza mimea ya mbali.

Ya mbali ndiyo iliyoleta balaa. Gugumaji, asili yake Amerika Kusini, lilisambazwa duniani kwa sababu ya maua yake ya zambarau, likapandwa mabwawani kama pambo. Hata pambo lenyewe halina faida kubwa kwa samaki: huelea, huziba mwanga, na maji ya chini hukosa hewa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 lilionekana Ziwa Victoria. Mto Kagera, unaokusanya maji ya Burundi na Rwanda, uliendelea kulimwaga ziwani, na katika miaka ya 1990 mitumbwi ilikwama Kisumu, Mwanza na pwani ya Uganda. Fukusi walioachiwa kulila walisaidia sana, lakini halijaisha.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ina Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria, makao yake Kisumu. Hata hivyo, hakuna ofisa atakayechungulia kila bustani yenye bwawa kuanzia Gitega hadi Jinja. Ulinzi wa kwanza umo mikononi mwa mwenye bwawa.

Kipande kidogo tu cha shina la seratofilamu huchipua upya, na gugumaji huzaa machipukizi kila wiki. Majani yaliyopunguzwa yasitupwe mtaroni wala mtoni. Yaanikwe juani mbali na maji hadi yakauke kabisa, kisha yaingie kwenye shimo la mboji.