Urembo wa Ukuta Unaolinda Watoto

Tunapotembelea wagonjwa majumbani huku Handeni na Korogwe, macho yetu huanzia pale ukuta unapokutana na sakafu. Katika nyumba za miti na udongo hapo huwa na ufa. Papasi hujificha humo mchana, na usiku hutoka kumuuma aliyelala chini. Homa ya papasi ni hatari sana kwa mama mjamzito na mtoto aliye tumboni.

Dawa yake ni skatingi: ukanda wa saruji wa kimo cha nusu futi, uliopakwa rangi ya mafuta. Huziba ufa, na maji ya kudeki hayaharibu ukuta. Juu ya udongo saruji hubanduka, hivyo fundi agongelee kwanza waya wa kuku.

Mbao za kuzungushia fremu za milango zisiachiwe nafasi nyuma, maana kunguni hupenda hapo.

Juu, kati ya ukuta na paa, ndipo mbu wa malaria huingilia. Dari iliyozibwa pembeni kwa mikanda ya mbao humzuia, ingawa chandarua kibaki palepale.

Fedha ikiwa kidogo, anza na chumba wanacholala watoto. Sebule itasubiri.