Kura ya Mkenya Aliye Ng'ambo

Watu wengi wenye jamaa ng'ambo huuliza: Je, Mkenya akaaye katika nchi nyingine aweza kupiga kura? Jibu ni kwamba aweza, lakini haki yake haijalingana na ya ndugu yake aliyebaki nyumbani. Yafaa jambo hili lifahamike mapema, kwa maana asiyelijua hulitambua siku ya uchaguzi, na siku hiyo huwa amekwisha chelewa.

Katiba iliyotangazwa tarehe 27 Agosti, 2010, yaagiza katika kifungu cha 82 kwamba Bunge litunge sheria ya kuwaandikisha raia wanaokaa nje, na kuwatimizia haki ya kupiga kura hatua kwa hatua. Hatua ya kwanza ilikuwa mwaka 2013, katika nchi za Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi. Mwaka 2017 ikaongezwa Afrika Kusini. Mwaka 2022 nchi zikawa 12, zikiwamo Qatar, Uingereza, Ujerumani, Kanada na Marekani. Walioandikishwa ng'ambo mwaka huo walizidi 10,000 kwa mia chache tu, hali wapiga kura wote wa Kenya walikuwa zaidi ya milioni 22.

Tuchukue mfano wa mtu wa Kileleshwa, hapa Nairobi. Akipiga kura nyumbani hupewa karatasi 6: ya Rais, ya Gavana, ya Seneta, ya Mwakilishi wa Wanawake, ya Mbunge wa Dagoretti Kaskazini, na ya Mwakilishi wa Wadi ya Kileleshwa. Lakini aliyeandikishwa Doha mwaka 2022 alipewa karatasi moja tu, ya Rais. Huenda ndiye anayewalipia wazazi wake kodi ya nyumba, kwani mwaka huo Wakenya walio nje walituma nyumbani dola zaidi ya bilioni 4. Hata hivyo, takataka zisipozolewa mtaani kwao, hana kura ya kumwondoa anayehusika. Ugumu wenyewe waonekana wazi: maeneo ya Bunge ni 290 na wadi ni 1,450, na kila moja ina karatasi yake.

Mambo mawili yakumbukwe. Kwanza, mtu hupiga kura pale alipoandikishwa tu. Haitumwi kwa posta, wala hapigiwi na mwingine aliyebaki nyumbani. Aliyeandikishwa Kileleshwa kisha akahamia London hana budi kuiomba Tume ya Uchaguzi ihamishe jina lake. Naye akirudi, aombe tena. Pili, aliyezaliwa Mkenya hapotezi uraia wake kwa kupewa uraia wa nchi nyingine.

Wazee wanajua kwamba haki ya kura haikupatikana kwa siku moja. Mwaka 1957, Waafrika wa Kenya walipochagua wajumbe 8 wa Baraza la Kutunga Sheria, kura ilikuwa ya waliotimiza masharti ya elimu, mali, mapato na mengineyo, na wengine walikuwa na kura hata 3. Mwaka 1963 kila mtu mzima akawa na kura moja. Kwa hiyo, ye yote aliye na ndugu ng'ambo amwandikie amhimize kujiandikisha. Mtaka cha mvunguni sharti ainame: atakaye kuongezewa karatasi ya pili, aanze kwa kuitumia ile ya kwanza.