Kabla Jino Halijang'olewa, Taja Ugonjwa Wako

Tunapotembea nyumba kwa nyumba sisi wahudumu wa afya wa kujitolea tunaulizwa sana habari za malaria, kuhara na chanjo. Habari za meno tunaulizwa pale tu jino linapokuwa limeshamkosesha mtu usingizi. Katika toleo hili nimeonelea niandike kuhusu wenzetu ambao kwao jino bovu ni jambo zito kuliko kwa wengine: wenye kisukari, presha, ugonjwa wa moyo, kifafa au sikoseli, wanaoishi na VVU, na mama wajawazito.

Wengi wao wana madaftari mawili au matatu ya matibabu. Siku ya kwenda kwenye meno, lile la presha au kisukari linabaki nyumbani chini ya godoro, kwa kuwa mtu anafikiri jino ni jino na presha ni presha. Hapo ndipo matatizo yanapoanzia. Damu inayopita kwenye fizi ndiyo hiyo hiyo inayopita kwenye moyo. (Nikisema fizi, wenzangu wa Kivu Kusini wasidhani nazungumzia Fizi ya kwetu.)

Tuanze na kisukari, kwa sababu ndicho kinachochanganya watu zaidi. Sukari ikiwa juu, fizi huoza upesi, hutoa damu na meno hulegea. Na fizi zikiwa na usaha, sukari nayo hukataa kushuka hata kama mgonjwa anameza vidonge vyake vizuri. Kwa hiyo mwenye kisukari ambaye sukari yake haitulii aangalie na mdomo wake pia.

Mzee mmoja wa upande wetu alikuwa na jino lililotunga usaha. Jirani akamwambia kwamba mtu anayekwenda kung'olewa jino hapaswi kula, kama vile anayekwenda kupasuliwa. Mzee akameza dawa yake ya kisukari alfajiri, akaondoka na njaa, akapanga foleni mpaka saa tano. Akaanza kutokwa jasho, mikono ikatetemeka, maneno yakawa hayaeleweki. Watu waliokuwa karibu walisema ni malaria, mwingine akasema amerogwa. Muuguzi alipompima akakuta sukari imeshuka sana, akampa maji ya sukari, na baada ya muda akakaa mwenyewe. Jino lilitolewa siku nyingine, akiwa ameshakunywa uji.

Kwa sindano ya ganzi ya kawaida hakuna sababu ya kufunga. Mwenye kisukari aje asubuhi, awe amekula na amemeza dawa zake kama kawaida, na mfukoni awe na sukari kidogo au peremende. Asione aibu kuomba apite mapema kwenye foleni, aeleze sababu.

Kwa wenye presha, tabibu wa meno atapima kwanza. Ikifika 180 kwa 110 au zaidi, na jino si la dharura, mara nyingi atakurudisha ili presha ishushwe kwanza. Najua watu wanakasirika, wanasema wamefukuzwa. Kumbuka kwamba maumivu na hofu vyenyewe hupandisha presha, na kung'oa ikiwa juu hivyo kunaweza kuleta damu isiyokatika au kiharusi. Vidonge usiviache siku hiyo.

Kuna vidonge vya presha, kama nifedipine na amlodipine, na kile cha kifafa kiitwacho phenytoin, ambavyo kwa baadhi ya watu huvimbisha fizi mpaka zinafunika meno. Ukiona hivyo usitupe dawa. Kifafa kilichoachiwa ni hatari kuliko fizi nene. Mwambie aliyekuandikia dawa, na usafishe meno mara mbili kwa siku, maana uchafu ndio unaozidisha uvimbe.

Watoto na vijana ambao moyo wao uliharibiwa na homa ya baridi yabisi, wale wanaochomwa penisilini kila wiki 3 au 4, wasing'olewe jino bila daktari kuijua historia yao. Jino linapotoka, vijidudu vya mdomoni huingia kwenye damu na vinaweza kukaa kwenye vali iliyoharibika. Wengine hupewa dawa muda mfupi kabla ya kung'olewa. Daktari ndiye anayeamua nani anahitaji. Anayetumia warfarin asiikatishe mwenyewe, bali aje na daftari lake la vipimo vya damu.

Mwenye sikoseli anywe maji ya kutosha, ajifunike na baridi, na asikae na usaha mdomoni, kwa kuwa maambukizi huweza kuamsha maumivu ya mwili mzima. Mama mjamzito anaweza kutibiwa meno, na kipindi kizuri zaidi ni miezi mitatu ya katikati. Aseme tu kwamba ana mimba, ili asipewe tetracycline.

Sasa VVU. Hapa kinachowazuia watu si ugonjwa, ni mkalimani. Mkalimani ni jirani, mnachota maji bomba moja, na mtu anaogopa kutaja dawa zake mbele yake. Hofu hiyo ina msingi, siwezi kuwadharau. Unaweza kuomba mkalimani mwingine, au kumwonyesha tabibu pakiti ya dawa bila kusema neno.

Kuhusu wale wa sokoni wenye koleo: foleni ya kituo ni ndefu na tabibu wa meno haji kila siku, kwa hiyo naelewa kwa nini watu wanakwenda. Lakini koleo lisilochemshwa huweza kubeba homa ya ini ya B na VVU, na yule bwana hatakuuliza kama una presha.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa ya meno yenye floridi katika orodha yake ya dawa muhimu. Ukiipata, tema povu bila kusukutua kwa maji mengi. Ukiikosa, mswaki wa mti unasaidia, ilimradi ufike hadi kwenye fizi.

Ukishang'olewa, uma pamba kwa nusu saa na usisukutue siku hiyo. Kesho yake tumia maji vuguvugu yenye nusu kijiko cha chumvi. Usiweke aspirini kwenye fizi, inaunguza. Damu ikiendelea kutoka baada ya kuuma pamba tena, rudi kituoni. Na uvimbe ukishuka chini ya taya au shingoni, ukashindwa kumeza, kufungua mdomo au kupumua vizuri, mwamshe mhudumu wa afya wa eneo lako usiku huo huo, usingoje asubuhi.