Jinsi dinosaria wadogo walivyostahimili baridi kali

DINOSARIA wanapotajwa, aghalabu watu hufikiria majitu yaliyozurura katika misitu yenye joto. Hata hivyo, visukuku kutoka Alaska, Marekani, na jimbo la Victoria, Australia, vinathibitisha kuwa baadhi yao walikuwa wadogo na waliishi karibu na ncha za dunia.

Yapata miaka milioni 70 iliyopita, kaskazini mwa Alaska kulikuwa na misitu, lakini wastani wa joto kwa mwaka ulikuwa nyuzi 6 hivi za Selsiasi. Isitoshe, giza la majira ya baridi lilidumu takriban miezi minne.

Je, wanyama hao walihama baridi ilipoingia? Mnamo 2021, wataalamu wakiongozwa na Patrick Druckenmiller walitangaza kuwa wamepata huko mifupa na meno ya vifaranga vya angalau aina saba za dinosaria. Baadhi ya meno hayo ni madogo kama kichwa cha pini.

Ugunduzi huo una uzito kwa kuwa mayai ya dinosaria yalichukua kati ya miezi mitatu na sita kuanguliwa. Kifaranga aliyezaliwa kiangazi kikikaribia kwisha hangeweza kutembea maelfu ya kilomita kabla ya theluji kuanguka. Ilibidi abaki.

Alistahimilije? Mosi, manyoya. Mnamo 2019, watafiti walieleza kuhusu manyoya ya miaka milioni 118 yaliyopatikana Koonwarra, Victoria, eneo ambalo wakati huo lilikuwa karibu na ncha ya kusini. Pili, mashimo. Mnamo 2009, ilitangazwa kuwa mashimo yanayoaminika kuchimbwa na dinosaria wadogo yamepatikana katika jimbo hilo hilo.

Tatu, joto la mwili. Katika miamba hiyo ya Alaska hakuna mabaki ya mamba wala kasa, ambao hutegemea joto la nje. Kuwepo kwa dinosaria bila wanyama hao kunaashiria kwamba miili yao ilizalisha joto lake yenyewe.

Hata hivyo, ustadi huo haukuwaokoa kimondo kilipoigonga dunia miaka milioni 66 iliyopita. Giza la ncha za dunia lilikuwa na msimu wake, na mimea ilichipua tena. Giza la kimondo liliikumba dunia nzima. Walionusurika ni ndege, ambao hadi leo hujikinga baridi kwa manyoya.